Gari Linalovuta Upande Mmoja: Tupime Kwanza, Tufungue Baadaye

Katika shule zetu mwanafunzi hufundishwa kwamba sayansi huanza na uchunguzi, hufuatwa na nadharia tete, kisha jaribio, na mwisho uamuzi. Maneno haya huandikwa ubaoni, hukaririwa, na baada ya mtihani husahauliwa. Maoni yangu ni kwamba njia hiyo ingeeleweka vizuri zaidi iwapo wanafunzi wangeiona ikifanya kazi katika jambo lililo mbele ya macho yao. Mfano mmoja ulio bora ni gari la zamani linalovuta upande mmoja.

Tuchukue Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ambayo wengi katika Afrika Mashariki wanaifahamu. Gari hili lina springi za mabamba na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Halina kompyuta ya kumweleza fundi kasoro iko wapi. Sharti fundi aliulize gari lenyewe.

Desturi iliyozoeleka ni kubahatisha. Dereva husema, "Linavuta kulia," na papo hapo gurudumu la kulia hufunguliwa na vifaa vipya hununuliwa. Siku ya pili gari linavuta vilevile. Fedha zimekwenda, ugonjwa umebaki. Tena hasara ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na hatari yenyewe: katika nchi zinazoendesha kushoto, gari linalokwenda kulia ghafla wakati wa kufunga breki huingia moja kwa moja mbele ya magari yanayokuja.

Swali la kwanza ni hili: je, ni gari linalovuta, au ni barabara? Barabara nyingi huinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni. Kwa hiyo gari zima linaloendeshwa upande wa kushoto huweza kuelekea kushoto kidogo. Kugeuza na kurudi kwa njia ile ile hakutoshi, kwa kuwa katika safari ya kurudi pia dereva yuko kushoto kwake, na mteremko bado uko kushoto kwake. Yafaa kutafuta uwanja mpana usio na watu, na dereva mwenye leseni apite juu ya mstari mmoja kwa mwendo mdogo, kwenda na kurudi. Gari likivuta kushoto katika kwenda na kulia katika kurudi, kosa ni la ardhi. Likivuta upande wake ule ule mara zote mbili, kosa ni la gari.

Swali la pili: linavuta wakati gani? Likivuta muda wote, tuanze na jambo lisilo na gharama, yaani upepo wa matairi, ambao hupimwa matairi yakiwa ya baridi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi linapobingirika, hupinga mwendo, na kulivuta gari upande wake. Upepo ukiwa sawa, tubadilishane matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, mradi hayana mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama upande, mkosaji ni tairi. Usipohama, tairi limeachiwa huru, nasi hatujatumia hata senti moja.

Baada ya hapo tupime, kila upande, umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Senta bolti ya springi ikikatika, ekseli huweza kusogea, na gari likaelekea upande ambao umbali umekuwa mfupi. Kazi hii yahitaji uzi na futi ya kupimia tu. Vilevile, baada ya mwendo mfupi, tusogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Iliyo na joto kupita wenzake yaelekea ina breki isiyoachia.

Ikiwa gari huvuta wakati wa kufunga breki tu, hapo ndipo hesabu ya darasani inapotufaa. Tuseme gurudumu la mbele la kulia linazuia kwa kani ya nyutoni 2,000, na la kushoto kwa nyutoni 1,200. Kila gurudumu liko takriban mita 0.65 kutoka mstari wa katikati ya gari. Tofauti ya nyutoni 800 mara mita 0.65 hutoa momenti ya nyutoni-mita 520, inayoligeuza gari kulia. Lakini ni breki ipi iliyo mgonjwa? Mara nyingi ni ya kushoto! Ya kulia inafanya kazi yake. Ya kushoto ndiyo dhaifu, pengine kwa sababu imerekebishwa vibaya, pistoni yake imekwama, au mpira wake wa mafuta umeziba kwa ndani. Kumbe aliyefungua upande wa kulia alimtibu mzima akamwacha mgonjwa.

Wako watakaosema kwamba fundi mzoefu hahitaji mambo haya, kwani husikia na kuhisi kasoro mara moja. Siudharau ujuzi huo. Umepatikana kwa miaka mingi ya kazi ngumu. Lakini hisia ya fundi, hata iwe nzuri namna gani, ni nadharia tete. Huwa maarifa pale tu inapopewa nafasi ya kushindwa katika jaribio. Fundi hodari hulijua hilo, na ndiyo maana hupima kabla ya kushika spana.

Kwa hiyo nawashauri walimu wa fizikia walitumie gari la shule, au la jirani aliye radhi, kuwa maabara. Wanafunzi waandike dalili, wapange sababu kuanzia ile iliyo rahisi kupima, wabadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na waandike matokeo hata yakikanusha walichotarajia. Kufungua breki kuachwe kwa fundi, na vumbi la dramu lisipulizwe kamwe, kwa kuwa breki za zamani huweza kuwa na asibesto, ambayo husababisha saratani.

Mwanafunzi aliyejifunza kwamba mvuto wa kulia huweza kutoka kushoto hataiamini upesi dalili ya kwanza anayoiona. Tabia hiyo itamfaa akiwa fundi, mganga, mkulima au mtafiti.