Ahadi ya Kapteni Owen: Miaka 200 Tangu Bendera Ishushwe Mombasa



Kila tarehe 21 Oktoba wanamaji wa Uingereza hukumbuka vita vya Trafalgar vya mwaka 1805, siku ambayo Nelson alishinda na akafa. Sawa, kila watu wana siku zao. Lakini wanamaji hao hao, na merikebu zao za matanga, walifika Mombasa wakapandwa na tamaa ya kukaa, na mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 200 tangu waondoke. Hiyo siku hakuna anayeikumbuka. Hebu tuikumbuke sisi.

Mwaka 1823 Wamazrui waliotawala Mombasa walikuwa wamebanwa vibaya na Seyyid Said wa Oman. Mwezi wa Desemba ikaingia Barracouta, merikebu ya Kiingereza iliyokuwa ikipima pwani. Wamazrui wakamwomba nahodha wake, Vidal, awape ulinzi. Vidal akakataa. Hakuwa na mamlaka ya kutoa kitu kama hicho, na aliwaambia hivyo.

Tarehe 7 Februari 1824 akafika mkubwa wake, Kapteni William Owen, na merikebu Leven. Akakuta bendera ya Uingereza tayari inapepea Fort Jesus, imepandishwa na wenyeji wenyewe. Owen naye hakuwa na ruhusa ya London, lakini yeye alikubali. Wakapatana: Waingereza wawalinde Wamazrui na kuwasaidia kurudishiwa sehemu walizonyang'anywa, Wamazrui waache biashara ya watumwa, na mapato ya forodha wagawane nusu kwa nusu. Akamwacha luteni kijana, John Reitz, awe gavana. Reitz alikufa kwa homa mwaka huo huo. Port Reitz imebeba jina lake mpaka leo.

Owen aliichukia biashara ya watumwa kwa dhati, hilo tusimnyime. Tatizo ni kwamba alitoa ahadi isiyo yake. Serikali yake ilimhitaji zaidi Seyyid Said, ambaye walikuwa wameshaandikiana naye mkataba mwaka 1822. Basi mwaka 1826 bendera ikashushwa, Waingereza wakapanda merikebu, wakaenda zao. Mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa. Wakuu wa Wamazrui wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na wengi hawakurudi tena.

Mtu wa Kakamega atauliza, sasa hayo ya pwani yanatuhusu nini? Ndugu yangu, angalia Mumias hapo karibu. Nabongo Mumia aliwapokea Waingereza, na boma lake likawa kituo chao. Mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mumias kuja hapa Kakamega. Mwaka 1926, miaka mia moja baada ya bendera kushushwa Mombasa, mzee akastaafishwa. Alipohitajika alipewa cheo. Alipokuwa hahitajiki tena, akawekwa pembeni.

Mwaka ujao ni uchaguzi. Wageni wameshaanza kuja kwenye mikutano yetu. Mmoja anaahidi vijana wetu watapata vitambulisho bila kuzungushwa, mwingine basari, mwingine ulinzi. Sisi nasi tunakimbilia kupandisha bendera yake kabla hajamaliza kunywa chai. Tunavaa kofia zake, tunaimba jina lake, halafu ndiyo tunauliza alikuwa anasema nini.

Wazee walisema ahadi ni deni. Ni kweli, lakini deni lazima liwe na mdaiwa anayejulikana. Kwa hiyo akija mtu na ahadi, tumuulize mambo matatu, kwa heshima na mbele ya watu. Wewe una mamlaka gani juu ya jambo hili? Limeandikwa wapi? Ukiondoka, ofisi gani itatujibu? Asiyeweza kujibu tumpe chai, tumshukuru, aende salama. Bendera ibaki imekunjwa.

Na tusimdharau anayetuambia mapema, "Hilo siwezi." Wamazrui waliondoka kwa Vidal wamekasirika, wakamfurahia Owen. Miaka kumi na tatu baadaye, wakiwa njiani kwenda Bandar Abbas, sidhani kama walikuwa na shaka tena ni yupi kati ya wawili hao aliyewaambia ukweli.