Matembezi ya Jumapili? Niacheni Nyumbani Kwangu

Mpenzi msomaji, leo nataka kuungama jambo ambalo limeniletea lawama tangu niolewe. Mimi sipendi matembezi. Sisemi siwezi kutembea. Miguu ninayo, na nikitumwa nitafika. Ninachokichukia ni yale matembezi ya kutoka nyumbani bila ya kuwa na pa kwenda, ukazunguka mitaa, ukarudi pale pale ulipotoka, kisha ukaambiwa ati umepumzika.

Kila Jumapili hapa Kitale, tukimaliza chakula cha mchana, baba watoto huanza kutafuta raba zake chini ya kitanda. Nikisikia zinagongwa ukutani kuondolewa matope ya juma lililopita, najua yatakayofuata. "Mama Watoto, twendeni tukanyooshe miguu." Watoto wanaruka kwa furaha. Mimi ghafla nakumbuka kuna sufuria ambazo hazijaoshwa. Ajabu ni kwamba siku nyingine sufuria hizo hizo huweza kungoja hadi usiku.

Yeye ni mzaliwa wa mjini. Mimi nilizaliwa Bungoma, katika kijiji kisicho mbali na Chwele, na kwetu neno kutembea lina maana yake. Mtu akisema, "Jana nilitembea," anayemsikia humuuliza, "Kwa nani?" Kutembea ni kwenda kumwona mtu. Unatoka na kilo ya sukari mfukoni, unapokewa, unakalishwa, kuku anakimbizwa huko nyuma ya nyumba, na jioni unasindikizwa mpaka njia panda. Yule anayepita huku na huku bila ya kubisha mlango wa mtu hatembei. Huyo anazurura. Na tangu lini kuzurura kukawa sifa njema?

Kuna wakati nilikubali, nikafunga kitambaa kichwani, tukatoka. Hatukuwa tumefika mita mia mbili, kijana wa bodaboda akasimama kando yangu. "Mama, twende?" Nikamwambia siendi mahali. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kitendawili, akaondoka. Wa pili akaja, wa tatu akaja. Hawana makosa. Sisi watu wa magharibi tulizoea bodaboda kabla ya Wakenya wengine. Jina lenyewe lilitoka mpakani na Uganda, huko Busia na Malaba, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha abiria na mizigo yao. Katika miji yetu mtu mzima anayekwenda kwa miguu huku pikipiki zikimngoja huonekana ama hana nauli ama ana jambo.

Kisha tukakutana na jirani. "Mnaenda wapi?" Baba watoto akajibu kwa ujasiri, "Tunatembea tu." Jirani akatikisa kichwa polepole, akaniangalia mimi, akawaangalia watoto. Saa mbili za usiku simu ikalia. Alikuwa jirani yule yule, akinong'ona kutaka kujua kama kila kitu ni salama nyumbani, maana alituona sote barabarani bila mzigo wala mwavuli.

Hilo la mwavuli nalo si dogo. Watu wa pwani wana msemo wao mtamu, kupunga upepo. Nimewahi kuwaona pale Mama Ngina Drive, Mombasa, wakikaa kuitazama bahari na kula mihogo ya kuchoma, nami nikawaelewa kabisa. Nyumba za Mombasa zina joto. Upepo uko nje, nawe unaufuata. Lakini Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Hapa upepo haufuatwi. Hupita wenyewe chini ya mlango ukakukuta umejifunika shuka ya pili. Na kuanzia Aprili, asubuhi jua huwaka vizuri likakudanganya, ikifika saa tisa mchana wingu linatoka upande wa Mlima Elgon, na saa kumi unaoga bila ya kukusudia. Ni nani aliyemwambia baba watoto kwamba saa tisa na nusu ndiyo saa ya kupunga upepo?

Hata hivyo sitaki kusingizia mvua peke yake. Nikijichunguza, naona chuki hii ilianza zamani. Nilipokuwa msichana, miguu yangu ilikuwa gari la nyumba. Alfajiri mtoni na mtungi kichwani. Jumamosi gorogoro nne za mahindi hadi kwenye mashine ya kusaga, na kurudi na unga. Kwenda shule, kurudi mchana, kwenda tena, kurudi tena. Kuni. Kupeleka ujumbe kwa shangazi, kwa sababu simu hazikuwapo. Sikumbuki hata siku moja mama yangu akisema, "Ngoja niende nikatembee kidogo." Raha yake ilikuwa kukaa. Jumapili alasiri alinyoosha miguu yake mkekani, akawasha redio, na ole wake mtoto ambaye angemwita. Nilijiahidi kwamba nikipata nyumba yangu, yenye maji ya mfereji na kiti cha kuegemea, nitakikalia kiti hicho. Sasa nimekipata, naambiwa nitoke!

Na hata hilo swali la "Unaenda wapi?" lina historia, hasa katika udongo huu wa Trans Nzoia. Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua katika shamba la mzungu huku. Mnamo 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba kipande, chenye alama za vidole vyake na maandishi ya mwajiri wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati kama kengele ya ng'ombe. Ukikutwa njiani, uliulizwa unakotoka, unakokwenda, na ni nani aliyekuruhusu. Kuondoka kwa mwajiri kabla hajatia sahihi lilikuwa kosa la kukufikisha mahakamani. Hebu niambie, msomaji, mtu kama huyo angejibu nini? "Nanyoosha miguu, Bwana"?

Wakati huo huo, huku huku Kitale, alikuwapo Luteni Kanali Hugh Stoneham, mzungu aliyependa sana kukusanya wadudu, wanyama na vitabu. Mnamo 1926, mwaka ambao reli ilifika Kitale, alianzisha jumba lake la makumbusho. Alifariki mwaka 1966, na makusanyo yake ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa Makumbusho ya Kitale tunayoyajua, ambayo jengo lake lilifunguliwa Desemba 1974. Namheshimu kwa kazi hiyo. Wanangu wamejifunza mengi pale. Lakini nikipita mbele ya vile vidudu vilivyochomwa pini, huwa najiuliza ni askari gani angethubutu kumsimamisha Kanali akifukuza kipepeo kichakani, amwulize anaenda wapi. Mmoja akitembea ni mpenzi wa viumbe, mwingine akitembea ni mzururaji. Hata baada ya uhuru neno hilo lilikaa kwenye vitabu vya sheria. Sheria ya Uzururaji ilifutwa katika yale mageuzi yaliyotangulia uchaguzi mkuu wa 1997.

Sitaki mnidhanie kuwa sina moyo. Kuna matembezi niliyoyafurahia, nayo ni ya kinamasi cha Saiwa, kaskazini mwa Kitale. Ile ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, kilomita mraba tatu hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu za kumwezesha kukanyaga matope bila ya kuzama. Gari haliingii, ni kwa miguu tu, juu ya mbao zilizopangwa kinamasini, kisha unapanda jukwaa la mbao na kunyamaza. Tulinyamaza, jambo ambalo kwa wanangu ni muujiza. Lakini pale nilikuwa na jibu. Naenda wapi? Kumwona nzohe. Hata mnyama ukienda kumwona, umetembea.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike haya.

Mwaka jana baba yangu, mwalimu mstaafu, aliambiwa kliniki kwamba ana kisukari juu ya presha aliyokuwa nayo. Akapewa dawa, akapewa orodha ya vyakula, kisha akaambiwa atembee nusu saa kila siku, angalau siku tano kwa juma. Agizo hilo si la kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli za kuuchangamsha mwili. Kwa wenye kisukari kuna faida ya ziada, maana misuli inayofanya kazi huitumia sukari iliyo damuni. Nakiri niliusoma mwongozo huo nikitafuta mwanya wangu mwenyewe, nikaupata: hata kazi za nyumbani zinahesabiwa. Nikamwonyesha baba watoto sufuria zangu.

Lakini baba yangu haoshi sufuria. Shamba analimiwa na vibarua. Dawa alimeza, chumvi akapunguza, na kutembea akakataa katakata. Ndugu zangu walimsihi kwa simu, wakashindwa. Mwishowe wakasema nitumwe mimi, kwa kuwa ndiye anayenisikiliza. Mimi!

Nikapanda matatu, nikapita Kiminini na Kamukuywa nikijizoeza maneno njia nzima kama mwanafunzi anayekwenda mtihani. Nilimkuta chini ya mti wa parachichi, redio kando. Nikaeleza habari za damu, za misuli, za moyo. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake, bila ya kunikatiza. Kisha akasema, "Mama," maana ndivyo wazee wetu huwaita binti zao, "nitembee kwa nani?"

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka. Akainua mkono, akaanza kukunja vidole. Mwalimu mwenzake waliyefundisha pamoja, tumemzika. Shemeji yake wa ng'ambo ya mto, tumemzika. Yule mzee waliyecheza drafti kwa vifuniko vya soda kila alasiri, tulimzika mwaka ule wa korona, haraka haraka, wala watu hawakuruhusiwa kujaa matangani. Vidole vikaisha, akauweka mkono juu ya goti. "Hiyo barabara nikiishika, kila njia ya kuingia kushoto na kulia ni ya mtu ambaye hayupo. Watu wataniuliza naenda wapi. Nitawaambia nini?"

Nilinyamaza, msomaji. Maneno yale yalikuwa yangu. Miaka yote nimemwambia baba watoto kwamba sina pa kwenda, nami nikasifiwa kwa uchekeshaji. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyasema hayo kwa uchungu.

Nilitamani kuondoka na matatu ya saa tisa. Badala yake nikamwuliza kama mjane wa yule mzee wa drafti bado anaishi pale pale. Akasema yupo. Lini alipomwona mara ya mwisho? Hakumbuki. Nikaenda dukani nikanunua kilo ya sukari, kwa sababu hakuna anayekwenda kwa mama mkongwe mikono mitupu, na baba mwenyewe, mgonjwa wa kisukari, ndiye aliyeibeba. Tukaondoka. Mahali pa mwendo wa dakika ishirini tulitumia karibu saa nzima. Kila tuliyekutana naye, mulembe, na habari za watoto, na mahindi yamefanyaje mwaka huu, na mnaenda wapi? Baba akajibu, sauti ya darasani ikamrudia: "Tunatembea kwa mama yule." Watu wakaitikia, "Ee, mmefanya vizuri." Hakuna aliyetikisa kichwa.

Yule mama alipotuona alishika mdomo. Akasema hajaona rika la mumewe likiingia kwenye boma lile tangu siku ya mazishi. Chai ililetwa, baba akainywa bila sukari huku akieleza sababu kwa kirefu, na ubao wa drafti ukatolewa chini ya kabati, umejaa vumbi, vifuniko viwili vimepotea. Mjukuu wa pale, mvulana wa darasa la saba, akasema anaweza kucheza. Baba alimshinda mara tatu. Mara ya nne, giza likiingia, kijana akala vifuniko vyake vinne kwa mpigo, mzee akakasirika kwelikweli na kusema atarudi.

Hayo yalikuwa mwezi wa Agosti. Jumapili iliyopita mvua ilinyesha Kitale saa kumi kamili, kama ilivyo ada. Baba watoto alikuwa ametoka na watoto na miavuli miwili. Mimi nilikuwa kitini, miguu juu ya stuli, kikombe mkononi, amani tele. Simu ikalia. Ni baba. Hakunijulia hali kwa kirefu kama desturi yake; alisikika akihema kidogo, kama mtu aliyetoka mwendo.

"Mama, leo nimetembea. Lakini ile sukari ya kupeleka imeisha. Hii ya damuni bado ipo, lakini daktari anasema imeshuka. Sasa nitumie pesa ya kilo mbili, kuna wengine wawili huku juu nimewakumbuka."

Nikamtumia papo hapo kwa simu, nikarudi kitini kwangu.