Kujuana kwa Wanavyuoni

Yapo maneno mawili yasemwayo vyuoni juu ya kujuana kwa watu wa kazi moja, na yote mawili yanapotosha. La kwanza husema kuwa kujuana ni upendeleo uliovaa kanzu, na kwamba mwanachuoni mwema hana budi kujitenga. La pili, ambalo ndilo lenye nguvu siku hizi, husema kuwa kujuana ni mali, na akusanyaye majina mengi ndiye tajiri. Wafuasi wa neno hili la pili huonekana katika kila kongamano. Hupita meza kwa meza mfano wa wachuuzi, wakitoa kadi na kupokea namba za simu, na mada iliyosomwa asubuhi hawaikumbuki jioni. Kisha hunyamaza miaka mitatu. Siku wanapohitaji barua ya udhamini, salamu yao hufika ikiwa imetanguliwa na haja.

Neno la kwanza hujibiwa upesi, maana elimu ya Kiswahili yenyewe ni zao la kujuana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, na mengi ya mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Yaliokoka kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mjuzi wa mji ule, na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, walifahamiana wakafanya kazi pamoja. Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Nani atathubutu kuuita urafiki huo upendeleo?

Neno la pili lataka jibu refu zaidi, kwa kuwa limewateka hata wenye akili. Atazamwe Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Alikuwa mshairi, mchonga nakshi na mwandishi wa hati nzuri, wala hakuwa na cheo katika chuo kikuu chochote. Hata hivyo Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, kila mmoja kwa wakati wake, walipata miswada kutoka mkononi mwake. Hakuwa na orodha ya majina mia. Alikuwa na wachache, nao walipokea kwake kitu kilichotimia: utenzi ulionakiliwa kwa wino safi, ambao mwingine asingeweza kuupata. Alilipwa, na hilo si aibu, kwani ujira haukuvunja udugu wa kazi. Barua zilisafiri kwa meli majuma mengi, na ufahamiano haukufa. Leo ujumbe hufika kabla mtumaji hajaiweka simu mezani, na watu hushindwa kujuliana hali.

Mwanafunzi atakaye kufahamiana na mwanachuoni na aache kadi mfukoni. Na aisome makala ya mtu huyo mpaka mwisho, aone neno lililofasiriwa vibaya au beti iliyorukwa, amwandikie kwa adabu. Amehudumu kabla ya kuomba; hata mwaka wa pili akiomba, haombi kama mgeni.

Lakini wakubwa wasifurahi mapema, kwani habari ya Lamu na Mombasa ina doa. Jina la Sikujua halikukaa juu ya jalada la diwani aliyoitolea jasho. Kijumwa alifariki mwaka 1945. Kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, chenye jina lake jaladani, kilitoka mwaka 2010. Doa hilo halijafutika. Hata leo wapo walimu wakubwa wanaomtuma mwanafunzi vijijini akusanye tenzi na visa, alale juu ya mkeka wa watu, arudi na madaftari manne; kisha kazi hutoka kwa jina moja, nalo si lake. Halafu walimu hao hao husikitika kwamba vijana hawana shukrani, wakishahitimu hawaandiki tena hata salamu. Waandike nini? Walichokuwa nacho cha kutoa kimekwisha kuchukuliwa. Na mzee wa kijijini aliyekariri utenzi usiku kucha, asipelekewe hata nakala moja ya kitabu, akibishiwa hodi mara ya pili hujibu kwamba amesahau.