Intaneti ikikatika, anza na waya

Hapa Harrow kile kisanduku chenye taa kinabeba mengi: kazi za shule, viza ya kidijitali, miadi ya daktari na simu ya video kwa bibi Tanga. Kikigoma, usikimbilie kupiga simu na kusikilizishwa muziki nusu saa. Fuata hatua hizi kwanza.

1. Laini au Wi-Fi? Unganisha laptopu na ruta kwa waya. Intaneti ikija, laini ni nzima. Tatizo ni Wi-Fi. Isipokuja, tatizo ni ruta au laini.

2. Zima, subiri, washa. Chomoa ruta kwenye umeme, ngoja nusu dakika, irudishe, kisha ipe dakika tano. Usirudie kila saa: kwenye laini za shaba, mitambo inaweza kudhani laini ni mbovu ikapunguza spidi. Na usichokoe kile kitundu cha nyuma kwa sindano. Hufuta mipangilio yote, na nywila hurudi ile iliyoandikwa kwenye ruta.

3. Soketi kuu. Kwa laini za shaba, soketi nyingi zina skrubu mbili upande wa chini. Zifungue, uvute kipande hicho. Ndani kuna soketi ya majaribio. Ruta ikifanya kazi hapo, kosa liko kwenye nyaya za ndani ya nyumba. Ujue hilo mapema, maana fundi akija kwa kosa la ndani unaweza kutozwa.

Kama ni Wi-Fi. Nyumba nyingi za Harrow ni za matofali, za miaka ya 1920 na 1930. Ruta ikiwa mlangoni, mwanafunzi wa chumba cha juu nyuma atapata mabaki. Iweke mahali pa juu na pa wazi, si nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi, lakini hayafiki mbali.

Ukipiga simu, piga kwa kampuni unayoilipa, hata kama nyaya ni za Openreach. Andika tarehe na namba ya malalamiko. Huduma ikikatika kabisa na isirudi baada ya siku mbili kamili za kazi, kampuni zilizo kwenye mpango wa fidia wa Ofcom hulipa kwa kila siku inayozidi. Hesabu huanza siku uliyotoa taarifa, kwa hiyo usikae kimya.

Kwa wenye wazee nyumbani. Laini za zamani za simu zinafungwa ifikapo mwisho wa Januari 2027, na simu ya mezani itachomekwa kwenye ruta. Umeme ukikatika, simu hiyo haitapiga 999, na kengele ya dharura ambayo mzee huivaa shingoni inaweza kunyamaza. Iambie kampuni sasa kwamba kuna mtu anayeitegemea. Kwa kanuni za Ofcom, asiye na njia nyingine hupewa bure kifaa cha kumwezesha kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukiwa umekatika.

Wiki hii muulize mzee wako: umeme ukizimika usiku, utapiga simu kwa kutumia nini?