Jibu la Kwanza Lisituhukumie

Mtahini huamini kwamba kila jibu hulipimia mizani yake. Sivyo. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 2011 kwamba aliposahihisha kijitabu kizima cha mwanafunzi mmoja, insha ya kwanza ikiwa nzuri, kasoro za insha ya pili alizisamehe.

Nami nimewahi kuteleza papo hapo. Nikisahihisha maswali ya ushairi, nilivutiwa na hati safi na utangulizi uliopambwa kwa methali, nikapitisha jibu lililochanganya vina na mizani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenzake aliyeanza kwa kusitasita sikumpa msamaha huo.

Kahneman alijirekebisha: alisahihisha swali moja katika vijitabu vyote ndipo akaliendea la pili, na alama akaziandika mahali asipoziona. Uhakika wake ulipungua, kwani alama za mwanafunzi yuleyule sasa zilipishana. Mashaka hayo ndiyo ukweli wenyewe.

Wahadhiri wetu, tuifuateni njia hii. Shahada ya mtu isiamuliwe na ukurasa wake wa kwanza.