Mpeni Seremala Siku Moja Zaidi

Kiti kipya kikianza kuyumba kabla mwaka haujaisha, mnunuzi humlaumu fundi, na fundi huilaumu gundi. Gundi nyeupe ya mbao haistahili lawama hiyo. Ikipewa mbao kavu, maungio yaliyokaa sawasawa na muda wa kutosha, hushika kuliko mti wenyewe: ukizivunja mbao mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, mara nyingi hupasuka pembeni mwa ungio, si penyewe.

Mbao mbichi ndiyo adui wa kwanza. Gundi hii hukauka kwa maji yake kunyonywa na mbao na kupotea hewani, na mbao iliyokwisha kujaa maji haina pa kuyapeleka. Isitoshe, huendelea kusinyaa ikiwa tayari sebuleni. Ulimi unakonda ndani ya tundu lake na kiti kinalegea. Kwa samani za ndani, unyevu wa asilimia 12 hivi unatosha. Mtiki una mafuta yake ya asili, hivyo upanguswe kwa spiriti na kugundishwa mara tu baada ya kupigwa randa.

Kuna pia mazoea ya kuziba mwanya kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Vanishi ikishapakwa, jicho halioni kitu, lakini mchanganyiko huo haubebi uzito. Gundi nyeupe hushika ikiwa utando mwembamba kati ya mbao mbili zilizobanwa. Ndiyo kazi ya jiliwa: libane kwa saa moja angalau, kisha kazi ipumzike saa 24 kabla ya kukaliwa.

Hapo ndipo karakana nyingi hukwama. Majiliwa ni machache, kazi ni nyingi, na mteja anapiga simu tangu asubuhi. Fundi anafungua mapema ili abane kazi inayofuata, au anapiga msumari na kuendelea. Mteja anayeagiza kitanda Jumatatu na kukitaka Jumatano anachangia ubovu huo. Aongeze siku, na aulize mbao imekaushwa vipi kabla ya kutoa malipo ya awali.

Halmashauri za Tanzania hukopesha vikundi vya vijana kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani. Kikundi cha maseremala kinapoomba fedha za mashine ya kuranda, kiombe pia majiliwa ya kutosha kubana kazi ya siku nzima, na maofisa wasiyafute kwenye orodha.