Wangwana wana ukoo, tuwaulize mama zao

Hapa Baraka, wilayani Fizi, mashariki mwa Kongo, husemwa bila haya kwamba Mungwana, mzao wa wafuasi wa misafara ya Waarabu, hana ukoo: ati babu yake aliletwa na Waarabu, mnyororo shingoni, basi hana shina wala ardhi. Huo ni uongo, na watu wamenyimwa heshima kwa ajili yake.

Tippu Tip na Rumaliza, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, hawakuijaza nchi hii kwa watu wa Zanzibar. Majeshi yao yalikuwa ya Wanyamwezi na vijana wa Manyema waliojiunga, wakavaa kanzu, wakasilimu. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Rumaliza alishindwa na Wabelgiji mwaka 1894, akakimbilia upande wa Wajerumani. Wafuasi wengi walibaki. Na waliozaa nao hapa kwenye rasi ya Ubwari na kandokando ya Ziwa Tanganyika ni nani, kama si binti za Babwari, Babembe na Bagoma? Tukihesabu ukoo kwa baba peke yake, tunawafuta hao mama, kisha tunadai watoto wao hawana kwao.

Kosa hili si letu tu. Huko Marekani iliaminiwa kwamba Weusi huru wa enzi ya ukoloni walikuwa hasa watoto wa mabwana wa watumwa, walioachiwa huru. Mtafiti wa nasaba Paul Heinegg alipochambua kumbukumbu za mahakama na kodi za Virginia na North Carolina, alikuta familia nyingi zilitokana na wanawake wazungu, watumishi waliozaa na wanaume Weusi. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilimfanya mtoto afuate hali ya mama. Jina la mama ndilo lililofungua ukoo.

Nasi tunazo njia. Mapadri Weupe waliofungua misheni ya Kibanga, Ubwari, mwaka 1883, walikomboa watoto watumwa na kuandika shajara. Tuzidai nakala zake. Zaidi ya hapo wapo wazee, hapa na kambini Nyarugusu, Tanzania, ambako watu wa Fizi wamekimbilia tangu 1996. Kila bibi anayezikwa bila kuulizwa anaondoka na majina ya mama wawili au watatu.

Swali hili la ukoo limegusa hata uraia: sheria ya uraia ya Kongo ya 1981 ilidai kwamba kabila la mababu lilikuwa nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya 2004 imeulegeza mpaka huo hadi siku ya uhuru, lakini midomoni mwetu bado tunauliza ya 1885. Basi vijana wa Fizi, chukueni daftari. Andikeni mama, mama wa mama, kijiji, kabila, na aliyewasimulia. Na anayedai Mungwana hana ukoo, mwambieni alete ushahidi wake.